Msimlaumu aliyechomoa waya

Nimekuwa kimya muda mrefu, kazi zilinizidi. Leo nimerudi na hasira kidogo, na hasira hiyo nitaimwaga hapa hapa. Wenye haraka, chukueni hoja yangu mwende nayo: tarakilishi ikianguka kwa sababu mtu amechomoa kifaa cha USB, msitafute kosa kwenye mkono uliochomoa. Kosa ni la programu iliyoshindwa kuvumilia kuchomolewa, na baada yake ni la fundi ambaye alipaswa kuleta dawa na hakuileta. Wenye nafasi, kaeni niwasimulie.

Hapa kwetu Majengo, mjini Meru, kuna saiba moja ninayoijua tangu nikiwa shule ya msingi. Mwenyewe sote tunamwita Mzee, na anayeiangalia ni kijana wa miaka 19. Ndani kuna tarakilishi 8 za wateja, printa inayokohoa, na chini ya meza kuna tarakilishi kuukuu ambayo kazi yake ni kuzigawia intaneti hizo nyingine. Hii ya chini ya meza ina tundu moja tu la kebo ya mtandao. Tundu la pili lilipatikana kwa kuchomeka adapta ya USB, kile kidude ambacho upande mmoja kinaingia kwenye USB na upande wa pili kinapokea kebo. Mtandao unaingia huku, unatokea kule. Saiba nyingi ndogo zinaishi hivyo.

Mwezi uliopita, jioni ya siku ya mwisho ya maombi ya KUCCPS, saiba ilijaa hadi mlangoni. Mtandao ukaanza kujikokota. Kijana akafanya alichofundishwa: akainama chini ya meza, akachomoa adapta, akahesabu hadi tano, akairudisha. Siku nyingine mambo hurudi sawa. Siku hiyo kioo kilijaa maandishi meupe kwenye weusi, na tarakilishi ikaganda. Akaizima kwa nguvu, akaiwasha, ikakataa kuwaka vizuri kwa sababu faili zake zilikuwa zimevurugika. Mama mmoja aliyekuwa akimsaidia bintiye kuchagua kozi alibeba pochi yake, wakapanda boda hadi Makutano kutafuta saiba nyingine. Walifanikiwa, namshukuru Mungu. Wateja wengine walidai pesa zao wakaondoka. Mzee akapiga hesabu ya hasara, akaikata kwenye mshahara wa kijana. Shilingi 3,000.

"Nimekwambia mara ngapi usichezee waya?" ndivyo alivyomwambia.

Usiku huo kijana alikuja nyumbani kwetu. "Kaka, wallahi sikugusa kitu kingine. Nilichomoa tu kama siku zote." Nilimwamini, na sikumwamini kwa huruma tu. Alikuwa na akili ya kupiga picha kile kioo kwa simu kabla ya kuzima. Katikati ya yale maandishi nililiona neno moja, linkwatch_event, na hapo nikajua kwamba kuna kitu cha kutafuta.

Lakini kabla ya kukitafuta, niseme kilichonikera. Nchi hii tumeifanya zima-washa kuwa matibabu. Rauta imekwama? Zima, washa. Seva ya ofisi imeganda? Zima, washa. Ikianguka tena, anatafutwa wa karibu wa kulaumiwa, na wa karibu siku zote ni mdogo: mhudumu, katibu, mwanafunzi wa atachimenti. Mwenye cheo hachomoi waya, kwa hiyo hakosei! Kuzima na kuwasha kunaondoa dalili tu, na pamoja na dalili kunafuta ushahidi. Kile kioo kilichomtisha kijana kilikuwa barua ndefu ya maungamo iliyoandikwa na tarakilishi yenyewe. Sisi huichana kabla ya kuisoma.

Haya, tuisome.

Ndani ya Linux, sehemu inayosimamia kila kitu inaitwa kerneli. Ndani ya kerneli kuna programu ndogo zinazozungumza na vifaa, zinaitwa draiva. Unapochomeka adapta, draiva yake inaomba kipande cha memori na kuandika humo habari zote za adapta: jina lake, anwani yake, kama laini ina uhai au imekatika. Ukichomoa, kipande hicho kinaachiliwa ili kipewe mwingine. Hitilafu ninayoizungumzia leo ni kuitumia memori hiyo baada ya kuachiliwa.

Mfano wa kwetu. Unapanga chumba kwenye ploti. Asubuhi umemtuma mtoto dukani akuletee maziwa, ukampa na ufunguo. Saa nne mambo yakageuka, ukahama, ukamkabidhi keateka chumba, naye saa sita akampa mpangaji mwingine. Saa saba mtoto anarudi. Hana habari. Anafungua mlango, anamimina maziwa mahali sufuria yako ilipokuwa, na mahali hapo sasa kuna kitanda cha mtu. Mtoto amekosa nini? Alitumwa, akatumika. Mwenye kosa ni wewe uliyerudisha chumba huku mjumbe wako bado yuko njiani.

Angalieni pia jambo la pili katika mfano huo. Kama chumba kingekuwa bado kitupu, maziwa yangemwagika sakafuni na hakuna ambaye angelalamika. Ndiyo maana hitilafu hii inaweza kujificha miaka na mikaka. Mara 99 memori iliyoachiliwa haijapewa mtu bado, kila kitu kinaenda salama. Mara ya 100 imeshapewa mwingine, na mashine inaanguka siku ya mwisho ya KUCCPS.

Jumamosi, baada ya saiba kufungwa, mimi na kijana tulikaa chini ya ile meza. Nilikuwa nimeshairudisha tarakilishi kutoka kwenye nakala, ikiwa na kerneli ile ile ya zamani. Nikaongeza kitu kimoja tu kwenye mstari wa kuwashia kerneli: slub_debug=P. Maana yake, kila memori ya namna hiyo ikiachiliwa, ijazwe baiti ya namba 6b, ikirudiwa tena na tena. Ni kama keateka anayepaka chokaa mbichi chumba kila mtu anapohama. Atakayeingia bila haki atatoka na chokaa mikononi. Kisha tukaanza: kijana anachezesha kebo ili laini ikatike na kurudi, halafu papo hapo anachomoa adapta. Anachomeka. Anachomoa. Tulifanya hivyo hadi mikono ikachoka. Karibu saa tano usiku ikaanguka, na kwenye kioo anwani ambayo kerneli ilijaribu kuisoma ilikuwa 6b6b6b6b6b6b6b6b. Chokaa hiyo! Nilimwonyesha kijana kwa kidole. Akaniuliza, "Kwa hiyo si mimi?" Nikamwambia si wewe.

Nilidhani nimegundua kitu kipya. Wapi! Nilipotafuta nilikuta wenzetu walishakimaliza katikati ya mwaka 2022, na historia yake inafaa kusomwa na kila mtu anayejiita mhandisi wa programu.

Adapta nyingi za USB za mtandao zinatumia msingi mmoja ndani ya Linux unaoitwa usbnet, ulioanzishwa na David Brownell karibu mwaka 2000. Adapta inapoona laini imekatika au imerudi, inapiga kengele. Draiva ikiisikia kengele haina ruhusa ya kufanya kazi ndefu wakati ule ule, kwa hiyo inaandika kikaratasi na kukiweka kwenye foleni ya kazi: ukipata nafasi, kakague laini. Mfanyakazi wa foleni anakuja baadaye, anakagua, kisha anatangaza hali ya laini. Kutangaza huko kunaandika kikaratasi cha pili, kwenye foleni ya mwangalizi wa laini wa kerneli nzima, yule linkwatch tuliyemwona kwenye picha. Ni mjumbe anayemtuma mjumbe.

Sasa mtu anachomoa. Usajili wa adapta unafutwa, na katika kufutwa huko kerneli inasafisha vikaratasi vya linkwatch vinavyohusu adapta hiyo. Vizuri. Halafu memori inaachiliwa. Tatizo ni kwamba usbnet ilikuwa inamsubiri yule mjumbe wa kwanza baada ya usajili kufutwa, si kabla. Kwa hiyo mjumbe wa kwanza aliweza kuchelewa, akafika wakati usafi umekwisha, akaandika kikaratasi cha pili ambacho hakuna tena wa kukisafisha. Memori ikaachiliwa. Linkwatch akaokota kikaratasi, akafuata anwani, akaingia chumba cha watu.

Na tazameni ilivyo rahisi kutokea kwa binadamu wa kawaida. Ukishika adapta ili uichomoe, unaitikisa kebo. Kebo ikitikisika, laini inakatika, kengele inapigwa. Nukta chache baadaye adapta yenyewe inatoka. Kengele kwanza, kuchomoa pili. Mpangilio mbaya kuliko yote ndio ule mkono wa mtu unaoufanya bila kufikiri.

Kwa nini waliweka kusubiri mahali pabaya? Hapa ndipo ninapotaka mtulie, maana si uzembe. Mwaka 2003 kerneli haikuwa na njia ya kusubiri kazi moja tu kwenye foleni. Ulikuwa unasubiri foleni nzima iishe. Na unapofunga kifaa cha mtandao unakuwa umeshika kufuli kubwa la mtandao. Ikiwa kwenye foleni hiyo kuna kazi nyingine yoyote inayolihitaji kufuli hilo, yenyewe inakusubiri wewe, nawe unaisubiri yenyewe, na mtakaa hivyo hadi kiama. Ili kuepuka mkwamo huo waliuhamisha usubiri ukawa baadaye, kufuli likishaachiliwa. Walitatua tatizo moja wakazaa jingine. Mwaka 2010 kerneli ilikuwa imeshapata njia ya kusubiri kazi moja, na usbnet ikabadilishwa ikaitumia. Sababu ya kuhamisha ikawa imekufa. Lakini hakuna aliyekumbuka kuurudisha usubiri mahali pake. Maelezo ya zamani yaliyoandikwa pembeni ya msimbo yaliendelea kuonya kuhusu hatari ambayo haikuwepo tena, na kila aliyepita akayaheshimu akaendelea na safari.

Miaka 19! Mwaka 2022 tatizo liliripotiwa, miongoni mwa walioliripoti akiwa Jann Horn, na Lukas Wunner akaandika marekebisho. Kiini chake ni mstari mmoja uliohamishwa. Amri ya kumsubiri mjumbe ilitolewa kwenye hatua ya kuchomolewa, ikawekwa kwenye hatua ya kusimamisha kifaa, kabla usajili haujafutwa. Basi. Draiva tano zilizokuwa hatarini, za familia mbalimbali za adapta, zikapona kwa mstari huo. Na si kwamba usbnet ilikuwa takatifu tangu siku hiyo: mwaka 2024 Oliver Neukum alirekebisha mpangilio mwingine mbaya humo humo, ambapo kazi ya foleni iliweza kutuma ombi kwa kifaa, na ombi likaweza kuamsha tena kazi ya foleni, wakazungukana wakati wa kuchomoa. Hawa watu hawachoki, nasi tusichoke.

Sasa niwajibu wapinzani wangu, maana nawasikia tayari.

Wa kwanza anasema: kijana angetoa adapta kwa utaratibu, angebofya kwanza kuiaga tarakilishi. Ndugu yangu, USB ilitoka mwaka 1996 na moja ya sababu za kuwepo kwake ni watu wachomeke na kuchomoa bila kuzima mashine. Halafu nani anaaga kabla stima haijapotea? Kebo ikikwaruzwa na kiatu cha mteja, itaaga saa ngapi? Draiva ya USB isiyoweza kuvumilia kuchomolewa ghafla haijakamilika, kama vile mlango usioweza kuvumilia kufungwa na upepo haujakamilika. Kumlaumu kijana ni kumlaumu upepo.

Wa pili ni mwenzangu wa kazi, na huyu ndiye ninayemwogopa. Anasema: ongeza sharti moja tu, kama pointa ni tupu usiendelee. Pointa iliyopitwa na wakati haiwi tupu! Inaonekana nzima kabisa, ina anwani safi kabisa, ya chumba cha mtu mwingine. Sharti lako litaikaribisha ndani. Akishindwa hapo anasema: basi weka subira ya milisekunde 100 kabla ya kuachilia memori. Huko ni kutumaini kwamba mtoto wa maziwa hatachelewa zaidi ya robo saa. Siku mashine ikilemewa, atachelewa. Hitilafu hii inatibiwa kwa kujibu swali moja kwa uwazi: kabla ya kuachilia, ni nani bado ameshika anwani hii, na nimsubiri wapi? Kisha unamsubiri, kwa mpangilio, bila kubahatisha.

Naongea kwa uchungu kwa sababu nami nilishaweka subira ya namna hiyo. Kazi yangu ya kwanza baada ya digrii ilikuwa kwenye kampuni moja, na programu ilikuwa inaanguka mara moja kwa wiki. Niliongeza kalala kadogo, ikaacha kuanguka wakati wa majaribio, nikapongezwa. Ilianguka tena baada ya miezi mitatu, mikononi mwa mteja, na wakati huo nilikuwa nimeshahamia kazi nyingine. Kuna mtu aliyelala ofisini kwa ajili ya zile milisekunde zangu. Simjui jina, na bado namwomba radhi.

Wa tatu ni msomi wa kisasa: andikeni kila kitu kwa Rust, lugha ambayo kwa kawaida inakataa kukompaili msimbo unaotumia memori iliyoachiliwa. Huyu ana hoja, sitamkejeli. Mwaka 2020 watu wa Chrome walieleza kwamba karibu asilimia 70 ya hitilafu zao kubwa za usalama zilitokana na memori, na nusu ya hizo ni kutumia memori baada ya kuachiliwa. Rust iliingia kwenye Linux kwenye toleo la 6.1, Desemba 2022, na kwenye toleo la 6.8, Machi 2024, tayari kulikuwa na draiva ndogo ya mtandao iliyoandikwa kwa lugha hiyo. Naiunga mkono. Lakini usbnet ni ya C, na adapta zilizoko saiba leo zinaiendesha hiyo hiyo. Na hata Rust haikuambii mpango wa kazi zako uweje. Inakulazimisha tu uwe nao. Aliyezoea kuishi bila mpango atalia kwa lugha yoyote.

Wa nne ndiye maarufu kuliko wote hapa mtaani: kinachofanya kazi usikiguse. Masasisho yanakula bando, masasisho yanaharibu, acha mashine ilivyo. Huyu nataka nimjibu taratibu.

Kumbukeni tarehe. Dawa ya hitilafu hii ipo tangu 2022. Ni ya bure. Mtu yeyote duniani anaweza kuisoma, mstari kwa mstari, bila kuomba ruhusa. Lakini kwenye saiba ya Majengo ilikuwa kana kwamba haijaandikwa. Dawa iliyoko kabatini Nairobi haimponyi mgonjwa aliyeko Majengo. Na leo nimezungumzia kuanguka tu, ambako ni upole. Memori iliyoachiliwa ikapewa mwingine inaweza kupewa mtu mbaya, aliyeipanga makusudi ili kerneli isome alichokiandika yeye. Kwenye nf_tables, sehemu ya Linux inayochuja pakiti za mtandao, kulikuwa na hitilafu ya jamii hii hii, namba yake CVE-2024-1086. Ilirekebishwa mapema mwaka 2024, na mwezi Mei mwaka huo wakala wa usalama wa mitandao wa Marekani, CISA, akaiingiza kwenye orodha ya hitilafu ambazo wahalifu tayari wanazitumia. Fikirieni sasa tarakilishi ambayo haijaguswa tangu 2020, huku nywila za mtaa mzima zikipita ndani yake. Inafanya kazi, ndiyo. Inamfanyia nani?

Na sasa sehemu ambayo sikutaka kuiandika.

Usiku ule chini ya meza niliangalia toleo la kerneli: 5.4, ile iliyokuja na Ubuntu 20.04. Nikaangalia masasisho: yamezimwa. Nikafungua faili ya mipangilio nione ni fundi gani mvivu aliyeyazima, nimtaje kwa Mzee. Juu kabisa kulikuwa na maelezo mafupi, yameandikwa kwa mtindo ninaoujua, na mwishoni herufi za kwanza za jina langu.

Mwaka 2020, vyuo vikiwa vimefungwa kwa sababu ya korona, nilikuwa nyumbani sina la kufanya. Mzee aliniomba nimtengenezee kitu cha kugawa intaneti, nami nikamtengenezea hiyo tarakilishi na hiyo adapta. Bando ilikuwa ghali, masasisho yalikuwa yanaimaliza, nikayazima. Niliandika kwamba nitayarudisha vyuo vikifunguliwa. Vyuo vilifunguliwa, nikaenda, nikahitimu, nikapata kazi, nikawa mtu wa kuwafundisha wengine habari za usalama. Ni ule ule usahaulifu wa 2010: sababu imekufa, uamuzi umebaki umesimama peke yake, na kila anayepita anadhani una maana. Walioandika usbnet angalau waliacha historia yao wazi, watu wakaifuata hadi 2003. Mimi niliacha herufi mbili na ahadi.

Kwa hiyo nilipoanza makala hii nikisema kuna fundi aliyepaswa kuleta dawa na hakuileta, nilikuwa namsema mtu ninayemjua vizuri.

Jumapili niliweka Ubuntu 24.04 yenye kerneli mpya. Tuliirudia ile kazi ya kutikisa na kuchomoa usiku mbili mfululizo, haikuanguka. Lakini sitawadanganya: kutoanguka usiku mbili si ushahidi wa kutosha kwa hitilafu ya bahati kama hii, maana ile ya zamani nayo ilikaa miaka bila kusema. Kinachonipa usingizi ni kwamba niliufungua msimbo nikauona ule mstari mahali pake papya, nikafuata hatua moja moja hadi memori inapoachiliwa, na sikuona mjumbe aliyebaki njiani. Masasisho nimeyarudisha, yanashuka saa nane usiku, bando ya usiku ni nafuu.

Kisha nikamwendea Mzee baada ya alasiri. Nilimweleza kwa mfano wa chumba na maziwa, maana ploti anazo na keateka anaye. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Sasa, mwanangu, aliyemtuma mtoto ni nani?" Nikamwambia ni mimi. Nikatoa 3,000 nikaziweka mezani, nikamwomba amrudishie kijana mwenyewe, kwa mkono wake na mbele ya watu, kwa kuwa alimkata mbele ya watu. Alifanya hivyo jioni ile ile. Kijana alizihesabu mara mbili, akaziweka mfukoni, akarudi kwenye printa iliyokuwa imekwama karatasi.

Ndugu zangu mafundi, na wenzangu wa digrii za kompyuta, nina ombi moja dogo. Wiki hii nenda kwenye mashine moja uliyoisimika zamani ukaisahau. Kwa jirani, msikitini, kanisani, dukani kwa shangazi. Angalia toleo la kerneli yake na tarehe ya sasisho la mwisho. Na siku nyingine mtu akikupigia kwamba mashine imeanguka, kabla hujamwambia azime na kuwasha, mwambie apige picha ya kioo. Kabla hujamuuliza amegusa nini, jiulize wewe uliacha nini.

Tuonane wakati mwingine.